Siku musawo alipoanza kukunja vidole vyangu

Mwaka 2019, mwezi wa nne, mvua imeshika Jinja kisawasawa, nilikua namsaidia jirani kubeba kreti ya soda pale Amber Court karibu na kibanda changu cha chapati, nikateleza kwenye matope, kreti chini mimi juu yake, chupa ikapasukia ndani ya kiganja cha mkono wa kulia. Kidonda chenyewe hakikua kirefu, hata waliokua pale wakasema pole, hicho ni kidogo, kitapona. Kwenye kiliniki walisafisha vizuri, wakanidunga sindano ya pepopunda, wakashona ngozi, wakafunga bendeji, nikaambiwa nirudi siku ya kutoa nyuzi. Hakuna aliyesema hebu kunja vidole tuone.

Aliyeona ni mama. Mama amekaa maisha yake karibu yote kwenye kambi za jeshi, baba alikua askari, tumezunguka naye Mubende, Moroto, mwisho Jinja, ndio maana mpaka leo nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili hata na wajukuu. Tulikua tunakula posho, yaani ugali, na maharage, akautazama ule mkono weee, akaniambia hebu funga ngumi. Nikafunga. Kidole cha shahada kikaja, cha mwisho kikaja, ila cha kati na cha pete vikabaki vimenyooka tu, naviamuru havitaki, yaani ni kama vya mtu mwingine. Mama akasukuma sahani pembeni. "Hivi viwili havisikii," akasema, na asubuhi yake mapema tukawa hospitali.

Daktari aliyenipima alifanya kitu ambacho hakikuchukua hata dakika mbili. Alivishika vidole vingine vikiwa vimenyooka akasema kunja hiki kimoja, alafu akabana kiungo cha katikati akasema sasa kunja ncha peke yake. Hakuna kilichosogea. Kumbe kila kidole ukiacha gumba kina kano mbili za kukikunja, yaani kamba zinazounganisha msuli na mfupa, moja inavuta katikati na nyingine inavuta ncha, na zangu zote zilikua zimekatwa kwenye vidole vyote viwili, na neva ya pembeni ya kidole cha pete, ule mshipa wa kuleta hisia, nayo imeenda. Akasema msingoje, nendeni Kampala, kano ikikatika msuli unaivuta inarudi nyuma kiganjani, wiki zikipita inakua kazi kubwa kuirudisha ishonwe moja kwa moja. Tukapanda teksi, Lugazi, Mukono, mpaka Kampala, mama ameushika ule mkono juu njia nzima usining'inie.

Upasuaji wenyewe sina cha kuusimulia, nililala, nikaamka na plasta. Ninachotaka kusimulia ni siku ile nilipopelekwa chumba cha tiba ya mikono.

Wiki ilikua haijaisha tangu nishonwe. Mimi na mama tulijua tunaenda kubadilishiwa bendeji basi. Nyumbani kila aliyepiga simu alisema lile lile, pumzisha mkono, usiuguse, acha upone kwanza, na shangazi wa Iganga alikua ameshampata na mzee wa kuukanda kwa samli. Tunaingia, nakuta meza ndefu, mabeseni ya mchele mbichi, maharage na mchanga, vibanio vya nguo, mashati yenye vifungo yametundikwa ubaoni, sufuria pana ya umeme inatoa mvuke. Kijana wa boda aliyevunjika kifundo cha mkono anageuza kiganja juu chini, juu chini. Mama mmoja aliyeungua na mafuta anapanuliwa vidole. Mwishoni mwa meza kuna mzee mmoja mkata miwa kutoka Busoga, amekaa kimya.

Musawo mwenyewe, kwa Luganda ndio mhudumu wa afya, alikua dada mdogo kwa umri, amesomea okupesheno therapi, tiba ya kumrudisha mtu kwenye kazi zake za kila siku, hapo Mulago, ile hospitali kubwa ya Kampala, wenzake wanamwita OT. Alipotusikia tunaongea Kiswahili akafurahi sana, kumbe na yeye mtoto wa kambi, kakulia Gulu. Akamsalimu mama shikamoo, akamvutia kiti, ndio akanigeukia mimi.

"Leo tunaanza kusogeza vidole."

Mama akaruka. "Kusogeza nini mwanangu? Si kashonwa juzi tu huyu?"

"Ndiyo Mama, kwa sababu kashonwa juzi ndio tunaanza leo."

Akafungua plasta taratibu. Mkono ulikua umevimba, unang'aa, nyuzi nyeusi zinapita kiganjani zigizaga. Mama alitazama ukutani. Dada akauliza kama nina baiskeli, nikasema ninayo. Akasema unajua waya ya breki inavyopita ndani ya ganda lake, sasa baiskeli ikikaa mwezi mzima kwenye mvua bila kuguswa, waya inashikana na ganda, unabana breki haiji. Pale nilipokatika, kuanzia kiganjani hadi katikati ya kidole, kano zinapita kwenye mfereji mwembamba kabisa, na mwili ukiponya unaweka kovu, na kovu halichagui, linashika kano na linashika kila kilichoko pembeni. Ukituliza mkono wiki sita kidonda kitapona vizuri tu, ila kidole kitakua kimegandia hapo hapo.

"Na nikikikunja?"

"Ukikikunja kwa nguvu zako mwenyewe leo, utakata. Wiki hizi za kwanza kano haina nguvu, unaoshikilia ni uzi wa daktari."

Kwa hiyo ukikaa umepotea na ukivuta umepotea, na kazi yake yeye ni kukupitisha katikati hapo. Mimi nimekuja kusoma baadaye kwamba sehemu hii ya kidole iliwashinda hata madaktari wakubwa wa Marekani, Sterling Bunnell ambaye ndiye anahesabiwa baba wa upasuaji wa mikono kule alifundisha kwamba hapo usishone kano mara moja, funga ngozi tu uje uweke kano nyingine baadaye, kwa sababu walikua wakishona zinaganda. Mpaka miaka ya 1960, mwaka 1967 Kleinert na wenzake wa Louisville wakaonyesha kwamba ukishona vizuri na ukaanza kusogeza mapema, kidole kinafungwa na kamba ya mpira inayokirudisha chenyewe, watu wanapona. Yaani kilichobadilika sio sindano peke yake, ni hii kusogeza. Nikikumbuka hilo naona nilikua na bahati kuvunjia chupa mkononi mwaka 2019 na sio wakati wa babu yangu.

Alianza na splinti. Alikata kipande cha plastiki nyeupe ngumu kwa makasi makubwa, akakitumbukiza kwenye ile sufuria ya maji moto, kikalegea chote, akakifuta na taulo, akajaribu joto lake kwenye ngozi yake kwanza, ndio akakilaza juu ya mgongo wa mkono wangu. Kilikua cha moto lakini cha kuvumilika. Akakishika huku ameukunja mkono wangu kidogo kwenye kifundo na vidole vimeinamia mbele, akangoja mpaka kikagumu kwa umbo hilo, akafunga mikanda ya velkro. Kwa hiyo vidole naweza kuvishusha ila haviwezi kunyooka kupita pale plastiki inapovizuia. Hata nikiwa usingizini nikinyoosha mkono, ukuta uko pale.

Alafu ndio ikaja kazi yenyewe. Akashika kidole changu cha kati kwa vidole vyake viwili, akakisukuma pole pole kuelekea kiganjani, kiungo cha ncha kwanza, alafu cha katikati, alafu vyote. Maumivu yake hayakua ya kidonda, yalikua ya kubanwa, mkono mzima umejaa, ngozi haitaki kujikunja. Nilitoa jasho. Mama akasema "mwanangu acha kidogo," na sikujua anamwambia nani kati yetu. Dada hakuacha na hakuharakisha, akakishusha, akakiachia kirudi mpaka kwenye plastiki, akakishusha tena. Akanifundisha nifanye mwenyewe kwa mkono wa kushoto, mara 10 kila kidole, kila saa niko macho.

Mwishoni akafanya kitu ambacho bado nakiona. Akanishika mkono wangu wa kushoto akauweka juu ya mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, kwenye nyama ile. Akasema ndani ya vidole hakuna misuli ya kuvikunja, misuli iko hapa juu, kano ndio zinashuka mpaka kule. Akavikunja vidole vyangu yeye mwenyewe akaviweka nusu ngumi, akasema sasa nitaachia, wewe usibane, vizuie tu visianguke, kwa nguvu ya kushika yai. Akaachia. Chini ya kiganja changu cha kushoto nikasikia msuli umejikaza, kidogo sana, na vidole vyote viwili vikabaki pale alipoviacha. Sekunde chache tu. Nikamwambia mama vimeshika, tazama, vimeshika! Mama akaja mbio akainama kuvitazama karibu kabisa akasema Alhamdulillahi, akasema tena, akamshika yule dada mabega.

Ndio mama akauliza swali lake lililokua linamkaa rohoni, kwamba je na yule mzee wa kukanda. Dada akamwambia Mama nakuomba sana, asiguswe na mtu, kovu tutalikanda sisi likishafunga vizuri, na nitakufundisha wewe mwenyewe. Alafu akamwita mzee mkata miwa amwonyeshe. Mzee alinyoosha mkono. Panga lilimkata sehemu kama yangu, alishonwa na alishonwa vizuri, kidonda kimepona kovu safi, ila aliporuhusiwa hakuna aliyemwambia kuna mazoezi, akakaa nyumbani kwake miezi ameufunga na kitenge kama alivyoshauriwa na majirani. Kidole ukikisukuma kinagoma, chenyewe akikikunja hakiji, msuli wa juu unaona unavuta lakini kidole kimetulia. Alikua anangoja upasuaji mwingine wa kuachanisha kano na kovu. Hili linaniuma mno, mtu katoa pesa, kaacha shamba, katiwa kisu, kashonwa na daktari mzuri, alafu karatasi moja ya kumwambia nenda kwa OT haikuandikwa. Mama hakutaja tena habari za samli, na shangazi alipopiga simu jioni alimjibu yeye.

Nyumbani mama akaweka redio. Kila redio ikitangaza saa anaita "mikono!" na mimi najua, nakaa, nainua mkono juu ya mto uvimbe ushuke, naanza kuhesabu. Splinti nilikaa nayo wiki sita. Baada ya hapo mazoezi ya kukunja mwenyewe bila kusaidiwa, kukanda kovu na mafuta, kuzungusha vidole kwenye maharage na mchele ili ncha iliyokua imekufa ganzi izoee tena, maana neva iliyoshonwa inaota polepole, kama milimita moja kwa siku, hata hivyo inategemea. Unga wa chapati nikaruhusiwa ule laini wenye mafuta mengi, wa kubinya tu, kukanda kwa nguvu ikangoja mpaka miezi mitatu ipite. Kwenye ganzi dada alikua mkali kuliko sehemu nyingine zote. Aliwahi kufanya mafunzo Buluba, ile hospitali ya Mayuge iliyoanza na wagonjwa wa ukoma miaka ya 1930, akaona huko mikono ya watu walioungua na kikombe cha chai bila kusikia chochote. Akaniapisha kabisa kwamba kikaango nisikipime joto kwa kidole cha pete, nitumie mkono wa kushoto au kijiko cha kugeuzia, mpaka yeye aseme. Kila nikienda ananigusa ncha na vile vinyuzi vyake vya nailoni, macho nimefumba, nasema hapa, hapa, hapo sijasikia.

Kidole cha kati kimerudi chote. Cha pete hakinyooki kabisa, kimebaki kimeinama kidogo, na upande wake mmoja unahisi kwa mbali, hasa asubuhi kukiwa na baridi. Chapati nasukuma, unga nakanda kilo kwa kilo, ngumi inafunga.

Yule mzee tulimkuta tena siku moja, ameshafanyiwa ule upasuaji wa pili, na safari hii alikua mezani kesho yake tu, mkono umevimba kama ulivyokua wangu, uso umejikunja, anakunja kidole huku dada anahudumia wengine. Mama akavuta kiti akakaa mbele yake akaanza kumhesabia kwa Kiswahili, mzee Kiswahili chake kidogo tu, anamjibu kwa Lusoga, wakifika 10 mama anamwambia pumzika mzee wangu, alafu wanaanza tena.