Kazi ya kompyuta Toronto: usikimbilie kurudi shule

Ukitua Toronto na taaluma yako ya kompyuta, wa kwanza kukushauri atakuwa Mtanzania mwenzako aliyekutangulia, na ushauri wenyewe ni huu: futa kazi za nyumbani kwenye CV, jiandikishe chuo miaka miwili, na wakati unasoma beba boksi kwenye maghala kule Brampton, jirani na Toronto, ulipe kodi ya nyumba. Mimi nilipewa ushauri huo kwenye sherehe ya ubatizo, sahani ya pilau mkononi. "Mdogo wangu, huku kila mtu anaanza moja," kaka mmoja aliniambia, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Walisema kwa nia njema kabisa. Lakini siukubali ushauri huo, na kila anayeniandikia kuniuliza namwambia hivyo hivyo.

Kinachowachanganya wengi ni jinsi tulivyoingia. Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi ulioanza Januari 2015, unakupa pointi kwa shahada yako na kwa miaka uliyofanya kazi nje ya Kanada. Shirika kama WES linapitia vyeti vyako vya Mlimani au IFM na kuandika vinalingana na kiwango gani cha hapa. Basi mtu anashuka uwanja wa Pearson akiamini nchi imeshamkubali. Serikali imemkubali, ndiyo. Mwajiri hakuwepo kwenye kikao hicho. Yeye anaona jina la benki ya Dar asiyoijua, hajui kama ina matawi matatu au mia mbili, anafungua CV inayofuata. Wala hajakudharau, hana tu pa kukupimia.

Tatizo hili lina historia hapa. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario, jimbo ilipo Toronto, ilitoa sera mwaka 2013 ikisema kwamba kumdai mwombaji uzoefu wa Kanada, kwa kawaida, ni ubaguzi. Na tangu tarehe 1 Januari 2026, mwajiri wa Ontario mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kuweka sharti hilo kwenye tangazo la kazi. Kwa kazi nyingi tangazo lazima litaje mshahara, liseme kama akili mnemba inatumika kuchuja waombaji, na ukishafanyiwa usaili, ndani ya siku 45 wakujulishe kama uamuzi umefikiwa. Hiyo ya siku 45 nimeifurahia kuliko zote, maana kimya cha waajiri wa huku kinachosha kuliko kukataliwa. Ila mtu anaweza asiandike kitu na bado akakiwaza.

Sasa hiyo CV wanayokwambia uifute. Nyumbani nilikuwa upande wa mifumo katika benki, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuunganisha akaunti na pesa za simu. Vodacom waliileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya, na kadiri miaka ilivyokwenda benki haikuwa na budi kuungana na mitandao ya simu. Aliyefanya kazi hiyo anaijua adha yake: pesa imetoka kwenye akaunti, kwenye simu haijafika, mfumo mmoja unasema muamala umefanikiwa, mwingine unasema haujauona, na mteja yuko kwa wakala Kariakoo anapandisha sauti. Mwisho wa mwezi mishahara imetoka, umeme umekatika, jenereta linanguruma, na waya wa fiba umekatwa na watu wanaopanua barabara. Mnakesha mnalinganisha hesabu muamala kwa muamala.

Huku watu wanatumiana pesa kwa Interac e-Transfer, wengi kupitia barua pepe, na ule mfumo mpya wa kitaifa wa malipo ya papo kwa papo umeahirishwa mara kadhaa. Yaani jambo tulilolizoea sisi mpaka kwa mama muuza nyanya, wao bado wanalijenga. Sasa mtu aliyelisimamia miaka yote hiyo anaambiwa alifute?

Shida ni tunavyoliandika. "Msimamizi wa mifumo. Kusimamia seva na kutatua matatizo ya watumiaji." Sentensi hiyo anaweza kuiandika hata aliyekuwa anabadilisha wino wa printa. Andika benki ilikuwa na matawi mangapi na wateja wangapi, mfumo ulipitisha miamala mingapi kwa siku, nini kilikuwa kinavunjika, wewe ulifanya nini, na baada ya hapo kikapungua kwa kiasi gani. Halafu toa picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na idadi ya watoto, mambo ambayo kwetu yanajaza nusu ukurasa. Huku hayatakiwi, na mwajiri makini anaogopa hata kuyaona.

CV nzuri peke yake haitoshi. Bado anatakiwa mtu wa kusema kwamba ulichoandika ni kweli na kina uzito. Nyumbani tukisikia fulani kaingizwa kazini na mjomba tunaguna. Huku kampuni nyingi zinamlipa mfanyakazi wake bonasi akileta mtu akaajiriwa, na utaratibu umeandikwa kabisa kwenye kanuni za rasilimali watu. Tofauti ni kwamba mjomba halazimiki kujua kazi yako, wakati huyu wa huku ataulizwa anakufahamu vipi na unaweza nini. Kwa hiyo lazima kwanza akufahamu kikazi.

Hapo ndipo sisi tunapata tabu. Unatakiwa umwandikie mtu usiyemjua LinkedIn, umwombe dakika ishirini za kahawa, na ukikutana naye usiombe kazi. Unamuuliza mifumo yao inakwendaje, wanaajiri watu wa aina gani. Kwa malezi yetu, kumfuata mtu una shida halafu ukaacha kuisema ni kama unamzunguka. Lakini ukiisema papo hapo, Mkanada anafunga mlango kwa tabasamu. Jizoeshe tu.

Kwa mwenye ukaazi wa kudumu kuna mashirika ya kusaidia wahamiaji yanayogharimiwa na serikali, huduma ni bure. Mengine yana mipango ya kukuunganisha na mtu wa fani yako. Kwa Toronto, shirika la TRIEC lina mpango wa aina hiyo. Mimi kupitia mpango kama huo nilipewa Mhindi aliyekuja huku zamani. Nilijiandaa kumfafanulia pesa za simu kuanzia mwanzo. Akanikatisha. India wana UPI, mfumo wao wa malipo ya papo kwa papo kwa simu, tangu 2016, anajua muamala ukining'inia maana yake nini, akaanza kuniuliza maswali magumu ambayo kwenye usaili wowote sikuwa nimeyasikia. Yeye ndiye aliyepeleka jina langu kazini kwake.

Nilianzia dawati la msaada. Vipokea sauti masikioni, kurudishia watu paswedi walizosahau. Kurudi ngazi moja sina ugomvi nako, hasa kama dawati liko jengo moja na timu ya mifumo unayoitaka. Kwenda ghalani ni kurudi ngazi tano. Silidharau boksi, limesomesha wadogo zetu wengi na kujenga nyumba Kimara na Mbezi. Ila zamu ya usiku inakula asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ya usaili. Kama kodi inakubana, tafuta zamu ya jioni.

Chuo nakielewa kwa anayebadilisha fani, na achague programu yenye mafunzo ya kazini ya kulipwa. Kwa aliyekuwa tayari kwenye fani, cheti kama CCNA cha mitandao ya kompyuta au cha AWS, huduma za wingu za Amazon, kinatambulika kote, na mtihani wake unaweza kuufanyia Dar kabla ya kupanda ndege. Tahadhari moja: usijiite injinia kwenye CV ya Ontario kama huna leseni, hata injinia wa programu. Cheo hicho kinalindwa na sheria. Jimbo la Alberta walilegeza kwa watu wa programu mwaka 2023, Ontario bado.

Na kama bado uko nyumbani, shughulikia wadhamini, yaani watu watakaothibitisha kazi uliyofanya, sasa hivi. Kampuni za kuhakiki taarifa hupenda barua pepe ya ofisi, ile ya Yahoo ya bosi wako wa zamani inaweza kukukwamisha. Toronto ikiwa saa nne asubuhi wakati wa baridi, Dar ni saa kumi na mbili jioni na ofisi imefungwa, kwa hiyo mwombe bosi ruhusa ya kutoa namba yake ya mkononi na umwambie namba ya nje ikimpigia apokee. Barua ya kazi yenye majukumu, saa na mshahara utaihitaji kwa ajili ya Express Entry hata hivyo. Siku unayoifuata, omba na ya pili inayoeleza miradi uliyoifanya, iwe na muhuri, kabla meneja anayekujua hajahamishiwa tawi la Mwanza.