Julai, mafuta ya nazi na sabuni iliyouma ulimi

Jumatatu ile nilipoingiza kisu kwenye sabuni niliyoipika Jumamosi, kipande cha kwanza kilimeguka kama muhogo mkavu. Cha pili vivyo hivyo. Pembeni sabuni ilikuwa nyeupe kama chokaa, na ndani kulikuwa na unga unga uliobaki kwenye makali ya kisu. Nikalowesha kidole, nikakisugua juu ya kipande kimoja, nikakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Ulimi ukashtuka palepale, kama tulivyokuwa tukishtuka utotoni tukilamba betri ya redio. Kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ilikuwa imebaki mle ndani, imekosa mafuta ya kuungana nayo.

Nilisukutua kwa maji mengi, kisha nikaketi kwenye kigoda nikiitazama. Kilo moja na robo ya sabuni. Mafuta ya nazi alinitumia mama kutoka Mombasa, ya mawese niliyanunua kwa pesa za akiba, na jirani wawili wa ghorofa ya chini walikuwa wameshaniambia niwawekee vipande vyao. Kuitupa sikuwa tayari.

Huu ni mwaka wa sita napika sabuni jikoni kwangu hapa Buruburu, Nairobi, na sabuni iliyoharibika nimeirudisha motoni mara nyingi. Mwanzoni nilikuwa nakimbilia kukwaruza na kuyeyusha, nikidhani moto utasawazisha kila kitu. Hausawazishi. Moto unalainisha na kuchanganya, basi. Kama kostiki imezidi, itabaki imezidi. Kama mafuta yamezidi, yatabaki yamezidi. Siku hizi sabuni haiingii sufuriani kabla sijajua inaumwa nini. Kwa hiyo siku ile meko niliiacha ilivyo, nikafungua daftari.

Niliandika hivi: mafuta ya nazi gramu 300, mawese 400, alizeti 250, mbarika 50. Kostiki gramu 144, maji 300. Nikapiga hesabu upya. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki: gramu moja ya nazi huhitaji takriban 0.183, mawese 0.141, alizeti 0.134, mbarika 0.128. Ukizidisha na kujumlisha unapata gramu 151 na ushei. Mimi hupunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki huru na sabuni isikaushe ngozi, ndipo inapatikana hiyo 144. Hesabu ilikuwa sawa. Nikaijaribu mizani kwa pakiti ya sukari ambayo haijafunguliwa, nayo ikasoma vizuri. Basi kama hesabu ni nzima na mizani ni nzima, kuna mafuta ambayo hayakuingia.

Macho yakaenda kwenye jagi la bluu juu ya kabati. Kwenye jengo letu maji ya mfereji huja Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo vyombo vyenye mafuta mazito huvifunika kwa kitambaa vikangoja. Nilipofunua, chini ya jagi palikuwa na bonge jeupe, gumu, limeshika pembeni. Mafuta ya nazi. Jagi hilo likiwa tupu lina gramu 86; nimeandika kwenye kitako chake, kama ninavyoandika kwenye vyombo vyangu vyote vya sabuni. Siku ile lilisoma 206. Gramu 120 za mafuta zilikuwa zimelala juu ya kabati tangu Jumamosi.

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imenywea?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Yameganda? Jikoni?" Kwake Mombasa chupa ya mafuta ya nazi hukaa dirishani, na karibu mwaka mzima ni maji matupu. Mafuta hayo huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Julai ya Nairobi jikoni kwangu huwa ni sweta na soksi hata saa sita za mchana. Nilikuwa nimeyapima yakiwa mabonge, nikaliweka jagi kwenye maji ya moto, ya juu yakayeyuka, nikamimina. Mtoto akaniita, nikaliweka jagi kando. Plastiki yake haionyeshi ndani. "Basi yape moto uyatie," mama akasema. "Kilichopungua si ndicho hicho?"

Ndicho hicho hasa. Ukijua kilichokosekana, unarudisha kile kile kwa kiasi kile kile. Mafuta yaliyoingia Jumamosi yalikuwa na uwezo wa kula kostiki gramu 129 tu, na mimi niliweka 144. Gramu 15 hazikuwa na kazi. Kwenye kiganja ni kidogo, lakini ndizo zilizouma ulimi wangu na ndizo zingechubua ngozi ya mtu. Kama nisingelipata lile bonge, ningekuwa nabahatisha, na sabuni ya kubahatisha sitampa mtu aoge nayo.

Wako wanaoshauri kumwagia siki ili kostiki ife. Jirani yangu mmoja aliniambia hivyo kwa nia njema kabisa. Siki ni asidi, na kweli hupunguza kostiki, ila ikizidi huanza kuivunja sabuni yenyewe, unabaki na kitu cha kuteleza kisicho na povu. Naona afadhali kostiki iliyozidi ipewe mafuta iliyokuwa ikiyangoja.

Kabla sijaeleza nilivyoipika, lazima niseme habari ya sufuria, kwa sababu karibu kila nyumba Nairobi ina zile sufuria nyepesi za alumini. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na sabuni iliyozidi kostiki kama hii, nikaitia kwenye sufuria ya alumini niliyopewa na mama mkwe tulipohamia hapa. Ilianza kutokota kabla haijapata moto wa kutosha. Vipovu vidogo vidogo vilipanda kutoka chini na pembeni, sabuni ikageuka kijivu mbele ya macho yangu, na jikoni kukajaa harufu kali iliyonikaba koo. Kostiki hula alumini, na zikikutana hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Nami nilikuwa nimeiteleka juu ya meko yenye mwali. Nilizima gesi, nikafungua madirisha, nikatoka na mwanangu mgongoni hadi kwenye ngazi tukakaa pale mpaka harufu ikaisha. Ndani ya sufuria kulibaki weusi na vishimo kama vya kutobolewa kwa sindano. Nilipompigia mama mkwe kumwomba radhi, swali lake la kwanza lilikuwa kama mtoto yu salama.

Tangu hapo sabuni yangu hupikwa katika sufuria moja tu, ya chuma kisichoshika kutu, na haiingii mboga. Hata pakiti za maziwa ninazotumia kama kalibu huzichagua: yale maziwa yanayokaa miezi bila friji, pakiti yake ukiikata utaona ndani inang'aa fedha. Hiyo nayo ni alumini. Nachukua za maziwa ya friji.

Jumanne maji yalipokuja nikavaa glavu na miwani, nikafungua dirisha, nikakwaruza sabuni yote ikawa chenga. Sufuria ya sabuni nikaitumbukiza ndani ya sufuria kubwa yenye maji ili isiguse mwali moja kwa moja. Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Maelekezo mengi husema saa moja inatosha. Kwangu haijawahi kupungua saa moja na nusu, na zamani nilikuwa naichokoachokoa kwa kukosa subira mpaka inajaa hewa.

Nikayayeyusha yale mafuta gramu 120, safari hii nikainamisha jagi kwenye mwanga kuhakikisha, nikakomba kwa mwiko wa silikoni hadi mizani iliposoma 86. Nikayachanganya na chenga, nikatia maji mililita 100, nikafunika.

Maji ndiyo yaliyonitesa kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Chenga hazionekani kuyeyuka, mkono unawasha kuongeza, unaongeza, unaongeza tena. Kuna mara nilitia nusu lita kwenye kilo moja. Ikayeyuka vizuri sana, laini kama uji, nikafurahi. Baada ya juma moja bado ilikuwa inabonyea. Baada ya mwezi vipande vilikuwa vimejikunja kama maganda ya ndizi yaliyoachwa juani, vimesinyaa hadi nusu. Sabuni ya siku tatu bado ina maji yake mengi, inahitaji kidogo tu ya kuianzishia mvuke. Iliyokauka miezi inataka zaidi, na hiyo huiloweka chenga zake usiku kucha kwanza. Maziwa pia nimeyajaribu badala ya maji, yakaungua na kuwa rangi ya kahawa, na harufu ya maziwa yaliyoshika sufuria haikutoka hata kwa mafuta ya mkaratusi.

Nusu saa ya kwanza hakuna unachokiona. Chenga ni chenga. Kisha zile za pembeni zinaanza kupoteza weupe, zinakuwa kama mafuta mazito ya kujipaka, unaona mwanga unapenya. Hapo nageuza mara moja, polepole, ya chini ije juu, nafunika tena. Sikorogi wala situmii blenda. Kukoroga kunaleta povu, na povu likikauka ndani linaacha sabuni yenye matundu kama mkate. Baada ya saa moja nikapima kwa ulimi: ilikuwa bado inauma, lakini kwa mbali. Nikaiacha dakika 40 zaidi. Nikapima tena, nikapata ladha ya sabuni tu, ile chungu ya kawaida. Nilirudia sehemu tatu tofauti za sufuria, maana kostiki inaweza kujificha kona moja.

Uzuri mmoja wa kupika upya ni kwamba harufu hukutana na sabuni tulivu. Katika mapishi ya kwanza kostiki ni kali na harufu nyingine hufifia humo. Siku ile niliiepua, nikangoja ipoe kidogo, nikatia gramu 15 za mafuta ya mchaichai, na jikoni kote kukanukia chai ya nyumbani Mombasa.

Kuitia kalibuni si kumimina. Sabuni iliyopikwa upya ni nzito kama mukimo. Unachota, unashindilia kwa mgongo wa kijiko, unagonga pakiti mezani ili hewa itoke, unachota tena, na ufanye haraka maana ikianza kupoa haishikani na iliyotangulia. Pakiti yangu ya pili niliichelewesha kidogo tu, na mpaka leo vipande vyake vina mstari unaoonyesha pale nilipositasita. Juu huwa hapanyooki. Wateja wangu wameshazoea, kuna mmoja huniomba hiyo yenye mabonde akisema haimtelezi mkononi.

Iko sabuni ambayo siirudishi motoni kamwe: ile iliyotoa madoa ya rangi ya chungwa na kunuka mafuta ya zamani. Hayo ni mafuta yaliyochacha. Niliwahi kuchanganya vipande vinne vya namna hiyo na vizuri kumi nikitumaini vitafichika, na uvundo ukaenea kote. Hiyo naitumia kusugulia ngazi, basi.

Hii ya Julai ilitoa vipande 12. Nilivikata siku ya pili, nikavipanga kwenye kreti la mbao juu ya friji, vikipishana ili hewa ipite, na baridi ile ilivifanya vikauke taratibu kuliko vya Januari. Kipande kimoja nikakitia alama ya X, nacho ndicho ninachokipima kila Jumapili jioni. Kilianza gramu 124. Juma la kwanza 115, la pili 110, kikawa kinashuka gramu mbili tatu. Jumapili ya juma lililotangulia kilisoma 102, na juzi Jumapili tena 102. Jirani wa ghorofa ya chini wamechukua vyao jana, vinne vimepanda basi kwenda kwa mama, na chenye X kiko bafuni.