Yezebeli alitangaza mfungo (1 Wafalme 21)

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimeng'ang'ana na shamba la Nabothi, yule aliyekataa kumpa Mfalme Ahabu wa Israeli shamba la urithi wa baba zake, mke wa mfalme Yezebeli akapanga asingiziwe na kupigwa mawe, na mfalme akalichukua. Wengi tunamkumbuka Ahabu kalala kitandani kanuna hataki kula, ila mi kilichonishtua ni mstari wa 8 na 9, Yezebeli anaandika barua kwa jina la mfalme, anapiga muhuri, na cha kwanza anachoagiza eti watu watangaziwe kufunga. Yaani dhuluma ilifunguliwa kwa ibada!

Nikaikumbuka Marekani ya karne ya 19. Nchi changa, mwaka 1803 inanunua Louisiana kwa Napoleon kwa dola milioni 15, eneo lake linakaribia kuwa mara mbili, na wenyeji waliokuwa wanaishi humo hakuna aliyewauliza. Mwaka 1845 mwandishi wa magazeti John O'Sullivan akaipa tamaa ile jina la kiroho, kwamba bara zima ni fungu walilopangiwa na Mungu. Texas ikaingia mwaka huohuo, ikafuata vita na Mexico, kufika 1848 California nayo imeshaenda.

Lakini Nabothi wenyewe nawaona jimbo la Georgia, kwa Wacherokee, moja ya makabila ya wenyeji wa Marekani. Walikuwa na katiba, walikuwa na gazeti kwa lugha yao, na baadhi yao walikuwa Wakristo kama sisi. Dhahabu ikaonekana huko, 1830 Rais Andrew Jackson akasaini sheria ya kuwahamishia magharibi, na 1832 jimbo likagawa ardhi yao kwa bahati nasibu. Bahati nasibu jamani, mtu wa mbali anachomolewa jina lake anapata shamba na wenye shamba bado wanalima!

Mmisionari Samuel Worcester aligoma kula kiapo cha utii kwa jimbo ili apewe kibali cha kukaa kwa Wacherokee, akahukumiwa miaka 4 jela na kazi ngumu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, 1832 ikaamuliwa kwamba sheria za Georgia hazina nguvu kwenye ardhi ile, kashinda kabisa, na bado akakaa jela mpaka Januari 1833. Halafu 1835 kikundi kidogo tu cha Wacherokee kikasaini mkataba wa kuondoka, serikali yao wenyewe ikaukataa, Seneti ya Marekani ikaupitisha kwa ziada ya kura moja tu. Muhuri ukapigwa.

Mwaka 1838 wanajeshi wakaanza kuwatoa watu majumbani. Katika watu kama 16,000 inakadiriwa walikufa 4,000 hivi. Mchungaji Jesse Bushyhead, Mcherokee wa Kibaptisti, aliongoza msafara mmoja, wakafika mto Mississippi wakakuta barafu, wakakwama hapo kwenye baridi, na mkewe akajifungua safarini Januari 1839, binti wakamwita Eliza Missouri. Aliyefukuzwa na aliyemfukuza wote walikuwa na Biblia ileile, hilo ndo linaninyima usingizi.

Na mi naamini Ahabu angekuja kanisani kwetu Jumapili angesimama kwenye shuhuda aseme Mungu kanifungulia shamba jirani kabisa na kwangu, tungepiga vigelegele, na pengine mchungaji angemwombea azidi kupanuliwa mipaka. Nani kati yetu angeuliza lilikuwa la nani?

Someni sura yote mpaka nabii Eliya anapotumwa akamkute Ahabu mlemle shambani. Tuombeane.