Siku ya kunyoosha ukurasa mmoja wa tovuti, Kisumu

Saa 2 asubuhi. Kazi ya leo ni kurahisisha lugha ya ukurasa wa kampuni ya maji, maneno 640. Naufungua kwenye simu, si kompyuta, maana wateja watausoma wamesimama huku bando ikiisha. Kichwa chake: "Utaratibu wa Uwasilishaji wa Maombi ya Uunganishaji wa Huduma ya Maji". Wa, wa, ya, wa, ya, na bado hakuna mtu anayefanya lolote.

Saa 3. Nasaka vitenzi vilivyogeuzwa majina. Hujulikana kwa "u" ya mwanzo: uwasilishaji, uunganishaji, uthibitishaji. Kila kimoja nakiuliza: nani anafanya? Kichwa kinakuwa "Jinsi ya kuomba kuunganishiwa maji".

Kigumu zaidi ni hiki: "Maombi yatashughulikiwa baada ya malipo kufanywa." Na nani? Lini? Hapo kuhariri hakusaidii, ni kupiga simu ofisini kwao. Mara nyingi sentensi ina ukungu kwa sababu ofisi yenyewe haijaamua. Baada ya simu tatu tunapata: "Ukishalipa, fundi atakuja kupima ndani ya siku 5 za kazi."

Saa 5. Urefu wa sentensi. Mwongozo wa serikali ya Uingereza huweka kikomo cha maneno 25, lakini hiyo ni kwa Kiingereza. "Watakapokuunganishia" ni neno moja lenye mtendaji, wakati na mtendewa, silabi 10. Mimi huishia maneno 15. Kwa sababu hiyohiyo kipimo cha Flesch, kinachotoa alama za wepesi wa kusoma, hakifai hapa: kinahesabu silabi, kwa hiyo Kiswahili chepesi kabisa kinaweza kupata alama chini ya sifuri. Mteja akikuletea alama hizo, mrudishie.

Saa 6. Mpangilio. Msomaji anataka mambo matatu: karatasi gani, pesa ngapi, siku ngapi. Ukurasa ulianza na salamu za mkurugenzi, aya tatu, zinaondoka. "Bonyeza hapa" zilikuwa nne. Asiyeona, anayesomewa na programu, akiomba orodha ya viungo husikia "hapa, hapa, hapa, hapa". Sasa kila kiungo kinataja kiendako: "Pakua fomu ya maombi".

Saa 7. Ugali na samaki.

Saa 8. Kujaribu ukurasa kwa wasomaji: Soko la Kibuye, watu watano, mmojammoja, ukurasa ukiwa kwenye simu. Usiulize "umeelewa?" Kwa heshima tu kila mtu atasema ndiyo. Mpe kazi: "Mama, tuseme unataka maji kwako. Nionyeshe utabeba karatasi gani." Kisha nyamaza, tazama kidole. Kikipanda na kushuka mara mbili, jibu liko mahali pabaya.

Wanne kati ya watano wanakwama kwenye "ankara". Ni neno halali la kamusi, lakini Kibuye ankara ni kitambaa. Inakuwa "bili". "Amana" inakuwa "dipoziti", pamoja na maelezo: pesa utakayorudishiwa ukifunga akaunti. Watetezi wa Kiswahili sanifu watanikasirikia, ila wao hawapangi foleni ya mita.

Saa 10. Kulinganisha toleo jipya na la zamani, mstari kwa mstari. Hapa ndipo kurahisisha huharibu. Nilikuwa nimeandika "Usipolipa bili, tutakukatia maji". Fupi, lakini limemeza sharti: lazima mteja apewe ilani ya siku 14 kwanza. Zinakuwa sentensi mbili: "Usipolipa bili, tutakutumia ilani. Siku 14 zikipita bila malipo, tutakukatia maji." Ni ndefu kuliko ya awali, na ndiyo sahihi.

Saa 11. Maneno 290. Natuma kwa fundi wa tovuti matoleo yote mawili, kushoto na kulia, pamoja na maagizo: vichwa vidogo viwekwe kama vichwa, si maandishi yaliyokolezwa tu, jedwali la ada liwe maandishi, si picha, kwani picha haikuzwi vizuri wala haisomwi na programu. Chini kabisa, tarehe ya leo na cheo cha atakayebadilisha ada zikipanda. Nafasi ya cheo bado iko wazi. Kesho nitaipigia tena ofisi ya kampuni ya maji.