Leza mbili, tofauti moja

Alhamisi, jioni.

Leo nimeshinda nikitazama nukta. Ishara ya 64-QAM (njia ya kubebesha wimbi la redio data kwa kubadili ukubwa wake na fezi, yaani mahali lilipo kwenye mzunguko wake) ikipokelewa safi, kwenye skrini huonekana nukta 64 zilizojipanga mraba, nane kwa nane. Za leo zilikuwa vijitao. Zilizo karibu na kitovu zimepinda kidogo tu, zile za pembeni zimevutika hadi zinagusana na jirani zake. Kelele za kawaida huivimbisha nukta pande zote. Kelele za fezi huizungusha picha nzima huku na huku, na nukta iliyo mbali na kitovu ndiyo inayoyumba zaidi. Kwa hiyo hapa hakuna ubishi mshtakiwa ni nani.

Wimbi la kubeba ishara hiyo tunalitengeneza kwa mwanga: tunatia leza mbili za nanomita 1550 hivi, zilizoachana gigahezi (GHz) 60, kwenye faiba moja, yaani uzi wa kioo. Mwisho wa faiba kuna fotodayodi, kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme, nayo huitikia nguvu ya mwanga tu, hivyo kinachotoka ni tofauti ya masafa ya hizo mbili: wimbi la redio la milimita 5, tayari kwa antena. Kule kwenye mnara huhitaji osileta (kizalisha mawimbi) ya GHz 60 hata moja. Raha iliyoje!

Ila leza mbili zisizojuana hutetema kila moja kivyake, na mitetemo yote miwili huhamia kwenye redio. Mstari wa kila moja, yaani masafa ambamo mwanga wake hutangatanga, ukiwa na upana wa megahezi 1, redio inarithi megahezi 2. Hapo ndipo watu hukimbilia leza za bei mbaya zenye mstari mwembamba, na mimi naona huko ni kupeleka pesa sipo. Chukua leza moja ya kawaida, ipitishe kwenye modyuleta (kifaa kinachotikisa mwanga kwa umeme) inayoendeshwa kwa GHz 30, uibane rangi ya katikati, yaani mwanga wa awali wa leza, ubaki na mistari miwili ya pembeni, iliyoachana GHz 60. Ni walevi wawili walioshikana mabega: wanapepesuka, lakini nafasi kati yao ni ileile, na fotodayodi haipimi kingine. Kinachobaki ni kelele za osileta inayoiendesha modyuleta, nazo hazina msamaha: masafa yakizidishwa mara mbili, hupanda desibeli 6.

Mwenzangu akauliza, je, faiba ndefu haitawaachanisha? Tukapiga hesabu. Faiba ya kawaida huchelewesha pikosekunde 17 kwa kila nanomita ya tofauti ya rangi kwa kila kilomita. GHz 60 ni karibu nusu nanomita, kwa hiyo kwa kilomita 10 wanaachana pikosekunde 80 hivi. Kwa leza ya megahezi 1, fezi katika muda huo huhama kama nyuzi 1 na ushei. Si kitu. Usipoibana rangi ya katikati ndiyo balaa: mapigo yake na mistari miwili ya pembeni huanza kufutana, na kwa modyuleta ya GHz 60 redio hupotea kabisa baada ya kilomita 1 hivi. Wengi huyachanganya mambo haya mawili.

Wenye darubini ya redio ya ALMA, kule Atacama nchini Chile, mita 5,000 juu ya bahari, hutumia leza mbili, lakini ya pili imefungwa fezi kwa ya kwanza, yaani inalazimishwa kuyumba pamoja nayo. Antena zao zaweza kutawanyika kilomita 16, na faiba hurefuka na kufupika kwa joto na antena zikigeuka. Sehemu ya mwanga hurudishwa ilikotoka, mabadiliko yanapimwa, kisha faiba yenyewe inanyooshwa kidogo kufidia.

Sisi tunaanza na modyuleta. Ipo ghorofa ya juu, na mwenye ufunguo harudi mpaka Jumatatu.