Alfajiri Ziwani Kufuata Mayungiyungi

Mtumbwi tuliushusha kabla jua halijachomoza. Mayungiyungi tuliyoyafuata, ya jenasi ya Nymphaea, hufumbuka asubuhi, na ua likifumbuka umri wake unasomeka. La siku ya kwanza lina majimaji yanayong'aa katikati, kwenye kikombe cha stigma, sehemu inayopokea chavua, na chavua bado haijamwagika. Siku ya pili kikombe kimekauka.

Mfuko wa kiinitete uliokomaa, yaani muundo mdogo wenye yai ndani ya ovuli (kitu kinachokuja kuwa mbegu), tuliutafuta katika maua ya siku ya kwanza ili tuhesabu viini vyake. Meyosisi, mgawanyiko wa seli unaotangulia mfuko huo, hutokea mapema zaidi, katika matumba machanga yaliyo bado chini ya maji. Hayo huyapati kwa macho: unazamisha mkono hadi bega, unapapasa kwenye shina lililolala matopeni, unachuma ya kila ukubwa.

Kila tumba tulilipasua kwa wembe palepale. Tishu za mimea ya majini zimejaa vijia vya hewa. Tumba zima huelea juu ya dawa ya kuhifadhia tishu, ovuli zikaharibika ndani huku nje pakionekana pazima. Dawa yenyewe ni mililita 90 za ethanoli ya asilimia 70, formalini 5 na asidi asetiki kali 5, ujazo wake angalau mara 10 ya tishu. Mvuke wake ni mkali, kwa hiyo chupa hufunguliwa upepo ukiwa mgongoni. Lebo ni ya penseli, ndani ya chupa, maana ethanoli hufuta wino. Vipande vilivyokataa kuzama tulivivuta hewa kwa pampu tuliporudi nchi kavu.

Baada ya saa 24 vikahamia kwenye ethanoli ya asilimia 70, kisha nta, kisha vikakatwa kwa unene wa maikromita 10.

Chini ya hadubini ndipo safari ilipolipa. Kiini kimoja, karibu na kitundu cha ovuli, hugawanyika mara mbili tu: yai, sinajidi mbili (seli zinazokaa kando ya yai), na kiini kimoja cha seli ya kati. Mimea mingi inayotoa maua hugawa mara tatu, ikapata viini 8. Mwaka 2002 Joseph Williams na William Friedman walieleza mfuko huu wa viini 4 katika Nuphar polysepala, yungiyungi jingine. Endospemu yake, tishu inayolisha kiinitete, ina seti mbili za kromosomu, si tatu kama katika mimea mingi inayotoa maua.

Lakini usihesabu kwenye kipande kimoja. Viini hivyo hutawanyika katika vipande kadhaa vinavyofuatana, na kikidondoka kipande kimoja kwenye maji ya kunyooshea utepe wa nta, viini 8 vinaweza kuonekana 4.