Majina ya chaki pale Wrigley Field

Jamani, fainali ya besiboli ya 2016 sitaisahau. Chicago Cubs hawakuwa wamebeba ubingwa tangu 1908, yaani miaka 108! Cleveland wakawatangulia mechi 3 kwa 1, Cubs wakasawazisha, ikabaki mechi ya 7.

Kipindi cha 8 Cubs wanaongoza 6-4, Rajai Davis wa Cleveland akaupiga mpira ukavuka uzio. 6-6. Nilishika kichwa. Baada ya kipindi cha 9 mvua ikasimamisha mchezo dakika 17, Jason Heyward wa Cubs akawakusanya wenzake faraghani akawatia moyo. Waliporudi, Ben Zobrist akawapa uongozi, wakashinda 8-7.

Lakini kilichonigusa zaidi ni ukuta wa matofali pale Wrigley Field, uwanja wa Cubs jijini Chicago. Watu waliujaza majina kwa chaki, mengi ya wazazi na mababu waliokufa bila kuuona ubingwa. Nilimwona baba mmoja amembeba bintiye mabegani aandike juu kabisa, maana chini nafasi ilikwisha. Akamtajia herufi moja moja, jina la babu yake. Wageni kabisa walikuwa wanakumbatiana na kuazimana chaki. Nami nikapewa kipande, nikaandika la marehemu mjomba, aliyenifundisha kupenda mchezo huu.